Nani Atalipia Masomo ya Futi

Asubuhi katika ua wa Baba Futi huanza na nyundo. Kabla chai haijaiva, utasikia ko, ko, ko nyuma ya nyumba. Baba Futi ni fundi wa makochi. Yeye hutengeneza fremu za mbao, hufunga springi, hukata sponji na kuwamba kitambaa. Mama Futi hushona foronya za mito kwa cherehani iliyo chini ya dirisha. Wakati mwingine husemezana kutwa nzima bila kutazamana, yeye akishona na mumewe akigonga. Kazi hiyo ndiyo imewalea wao na watoto wao.

Mtoto wao wa kwanza ni msichana. Jina lake lipo kwenye vyeti, lakini mtaani hakuna anayelitumia. Alipokuwa mdogo alizunguka na futi ya baba yake akipima kila kitu. Alipima mlango, ndoo na kuku. Siku moja alimpima mgongo bibi mmoja aliyekuja kuagiza stuli, bibi akacheka mpaka akasahau bei. Watu wakaanza kumwita Futi, na wazazi wake wakaitwa kwa jina hilo.

Mwaka huo Futi alimaliza sekondari akafaulu vizuri. Chuo kikuu kikampa nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi. Huo ndio ulioombwa, na ndio uliopatikana. Baba Futi alimwambia kila aliyekanyaga ua wake. Hata mteja aliyekuja kulalamika kwamba kochi lake linalia akikaa, aliambiwa kwanza habari za chuo, ndipo akasikilizwa habari za kochi.

Furaha hiyo ilikwenda vizuri hadi ilipofika kwenye ada. Kazi ya ua ule ililisha, ilivisha na kulipa kodi ya nyumba. Haikutosha chuo kikuu. Na chuo kilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi: unakuja au huji, na utasoma nini. Ukinyamaza, nafasi yako anapewa mwingine.

Baba Futi akafanya kama wazazi wengi wanavyofanya. Akawaita ndugu.

Walikuja wawili, Jumamosi alasiri. Mmoja alikuwa Mjomba, kaka yake Mama Futi, mwenye duka la misumari, rangi na bawaba. Wa pili alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba Futi, mwenye saluni. Wote waliketi kwenye makochi ya wateja, ambayo yalikuwa bado yamefunikwa nailoni. Kila mtu alipojisogeza, kochi lilipiga kelele, na wengine walimtazama kana kwamba amesema neno.

Mjomba ndiye aliyeanza. Alisema damu ni damu, na kwamba yeye atalipa sehemu kubwa ya ada. Mama Futi akashukuru. Mjomba akanyanyua kidole kuonyesha kwamba hajamaliza. Alitaka Futi abadilishe, asome uhasibu. Duka lake, alisema, linaliwa na wafanyakazi kama panya wanavyokula mkate, kuanzia ndani. Akipata mhasibu wa damu yake mwenyewe, atalala usingizi.

Shangazi naye akasema atatoa. Tena si kidogo. Lakini uhasibu hapana. Futi asome mambo ya dawa, kwa sababu chumba cha jirani na saluni kiko wazi na yeye anataka kukifanya duka la dawa. Mteja akitoka kusukwa, kichwa kikimuuma, anaingia mlango wa pili. Biashara mbili, kichwa kimoja.

Futi alikuwa amesimama na sinia ya vikombe. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye amepewa nafasi ya upimaji wa ardhi, na ndiyo aliyoiomba.

"Mpwa wangu," alisema Mjomba kwa upole, "anayelipa ndiye anayechagua. Muulize baba yako. Mteja akilipia kitambaa chekundu, fundi anaweza kumwekea cha kijani?"

Baba Futi hakuweza kulipinga hilo. Ndiyo sheria ya kazi yake. Aliinamisha kichwa akafikiri, akikwangua gundi iliyokauka kwenye kucha. Aliponyanyua uso, alikuwa anatabasamu. Alikuwa amepata dawa.

Alieleza kwamba hakuna haja ya kugombana. Kochi hukubali mgongo wa kitambaa kimoja na mikono ya kitambaa kingine, na likitoka vizuri watu hulisifu. Basi Futi na asome mwaka wa kwanza uhasibu, mwaka wa pili dawa, na mwaka wa mwisho upimaji wa ardhi. Kila mlipaji atapata kipande chake.

Ajabu ni kwamba walilikubali. Mjomba aliuliza jambo moja tu, kwamba ni nani atakayetangulia. Shangazi akasema mkubwa hutangulia, naye ni mkubwa. Mjomba akasema anayetoa zaidi hutangulia. Wakaanza kubishania miaka ya Futi kama watu wanaogawana kitambaa mezani, huyu akivuta huku, yule akivuta kule.

Futi akaweka sinia chini, akaenda nyuma ya rundo la sponji. Mama yake akamfuata. Akamkuta amekaa juu ya kipande cha sponji, magoti yamegusa kidevu.

"Mama," alisema Futi, "nikichukua hela ya Mjomba, nitakuwa mtu wa Mjomba mpaka nizeeke. Nisipoichukua, nitabaki hapa hapa. Kuna njia gani nyingine?"

Kule uani Mama Futi alisikia bado wanabishana juu ya mwaka wa pili, akakumbuka jambo. Akarudi, akasimama katikati yao huku mikono iko kiunoni.

"Baba Futi," alisema, "hebu wasimulie wageni lile kochi la watoto sita."

Baba Futi akacheka kabla hajaanza. Alisema ndugu sita walikuja kuagiza kochi la zawadi kwa mama yao. Kila mmoja alichanga, na kila mmoja alichagua kitambaa. Mmoja alitaka maua, mmoja mistari, mmoja madoa ya chui, na mdogo wao alileta velveti ya zambarau iliyobaki kwenye pazia. Yeye alishona vyote kama alivyoambiwa. Siku ya kulipeleka alikwenda nalo mwenyewe. Mama yao alilizunguka lile kochi, akawashukuru wote kwa majina yao, kisha akavuta stuli akakaa. Walipomuuliza kwa nini, alisema akikaa kwenye maua, wa mistari atanuna.

Watu wakacheka hadi nailoni za makochi zikalia. Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama Futi akasubiri mpaka kicheko kikaisha.

"Na ninyi," alisema, "mnataka kunishonea mtoto vile?"

Mjomba akatazama viatu vyake. Kisha akanyanyuka, akasema kwa sauti kavu kwamba basi watafute mtu wa kuwalipia bila kuuliza swali, na wakimpata wamwonyeshe yeye pia. Akaondoka bila kumaliza chai. Shangazi alimaliza chai yake, kwa sababu chai haina kosa, lakini naye akaondoka akisema atafikiri.

Sasa Baba Futi alikuwa na binti mwenye nafasi, hana mlipaji, na mwezi ulikuwa unakwisha.

*

Jumatatu jirani yao mmoja alipita kuchukua kiti chake kilichovunjika mguu. Jirani huyo ni mhandisi wa idara ya maji. Mtaani wanamwita Mama Bomba, kwa sababu hawezi kupita penye bomba linalovuja bila kusimama. Hata akiwa amevaa nguo za harusini atainama kutazama.

Kiti kilikuwa tayari. Mama Bomba alikikalia kukijaribu, akamwona Futi anafagia ua kwa nguvu isiyo ya kawaida, akauliza kuna nini. Mama Futi akamweleza yote tangu mwanzo. Mama Bomba alisikiliza bila kukatiza. Alitabasamu mara moja tu, Mama Futi alipofika pale pa mwaka wa kwanza uhasibu na mwaka wa pili dawa, lakini hakumcheka Baba Futi.

Kisha akauliza kama wamekwenda kwenye ofisi ya mikopo ya wanafunzi.

Baba Futi akasimamisha nyundo. Alisema wao hawakopi. Sponji hununua kwa taslimu, mbao hununua kwa taslimu. Baba yake alimfundisha kwamba deni huingia kwa mlango, likitoka hutoka na mlango wenyewe.

"Ni mafundisho mazuri," alisema Mama Bomba. "Yamekulinda. Lakini unafikiri mimi nilisomeshwa na nani?"

Baba Futi alidhani wazazi wake walikuwa na uwezo. Mama Bomba akasema baba yake alikuwa mlinzi wa usiku na mama yake aliuza mboga. Serikali ililipa sehemu ya masomo yake, na sehemu nyingine ilimkopesha. Alipopata kazi akakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara mpaka deni likaisha. Milango yake yote ipo.

Mama Futi akaacha cherehani. Alisema Mjomba hushikilia kwamba anayesoma ndiye anayefaidika, kwa hiyo alipe mwenyewe. Shangazi naye husema serikali ilipe yote, kwa sababu inachukua kodi hata kwenye mafuta ya nywele. Alitaka kujua ni nani kati yao aliye sahihi.

"Wote wameshika ukweli," alisema Mama Bomba, "ila kila mmoja ameushika ncha yake. Baba Futi, mimi nimesoma. Nani amefaidika?"

"Wewe."

"Kweli. Napata mshahara mzuri. Ndiyo maana si haki nisomeshwe bure kabisa, halafu bili mwachiwe ninyi. Sasa niambie, leo asubuhi umefungua bomba?"

"Nimefungua."

"Maji yametoka?"

"Yametoka."

"Basi na wewe umefaidika na masomo yangu, tena hukukaa darasani hata siku moja."

Baba Futi akajikuna shingo. Alikiri kwamba hakuwahi kulifikiria bomba kwa namna hiyo.

Mama Bomba aliendelea polepole, kama mtu anayefungua nati bila kutaka kuiharibu. Alisema msomi mmoja hunufaisha watu wengi. Daktari hutibu mtaa mzima, na mwalimu hufundisha watoto wa wengine. Kwa sababu wote tunafaidika, wote tunachangia. Mchango huo ndio kodi. Mama Futi akasema wao hawajawahi kwenda kulipa kodi ya kusomesha mtu. Mama Bomba akaonyesha kwa kidole kibweta cha nyuzi. Ndani ya bei ya uzi mna kodi, na ndani ya bei ya kitambaa mna kodi. Sehemu ya fedha hiyo huenda vyuoni.

"Kwa hiyo tumekuwa tukilipia vyuo siku zote," alisema Mama Futi taratibu, "na mtoto wetu ndiyo kwanza anabisha hodi."

Futi alikuwa ameacha kufagia. Aliuliza kwa nini basi mwanafunzi asiambiwe tu alipe sehemu yake mwanzoni, yaishe.

"Kwa sababu mlangoni bado huna kitu, mwanangu," alisema Mama Bomba. "Tukimdai kila mtu mlangoni, wataingia watoto wa wenye nacho. Wenye akili na hawana kitu watabaki nje. Ndiyo maana unaingia kwanza, unalipa ukishafanya kazi."

Baba Futi akasema kumbe ni kama mteja anayelipia kochi baada ya kulikalia. Kisha akaongeza kwamba mteja wa namna hiyo naye hampendi.

Walicheka. Mama Bomba alisema zipo nchi ambako serikali hulipa yote, na watu wake hukubali kutozwa kodi zaidi kwa ajili hiyo. Zipo nyingine ambako mwanafunzi hubeba karibu mzigo wote. Hilo ni jambo la wananchi kujadiliana, na yeye hawezi kusema amelimaliza. Alichokijua ni kwamba mfuko wa serikali ni mmoja. Humo humo ndimo zinamotoka shule za watoto wadogo na dawa za zahanati. Ukitoa zaidi huku, kule kunapungua, au kodi inapanda. Kwa hiyo hapa kwao wamegawana: serikali inabeba upande mmoja, na aliyesoma anabeba upande mwingine akiwa amepata nguvu.

Baba Futi aliuliza swali lililokuwa limemkaa moyoni. Je, Futi asipopata kazi?

Mama Bomba hakumficha. Alisema deni halifutiki. Husubiri. Asiye na kipato hapaswi kukaa kimya, anapaswa kwenda ofisini kueleza hali yake. Wengi wanaoumia ni wale wanaojificha, wakabadilisha namba za simu, wakidhani deni limewasahau. Tena mtu asikope zaidi ya anachohitaji. Alimjua kijana aliyenunua redio kubwa kwa mkopo wa masomo. Redio ilikufa mwaka wa pili, ila deni lake liliendelea kuimba.

Sasa Futi akasogea karibu. Swali lake lilikuwa moja.

"Na serikali ikinilipia, nayo itanichagulia cha kusoma?"

"Mkopo unafuata nafasi yako," alisema Mama Bomba. "Na nafasi umepewa na chuo kwa alama zako. Umepewa upimaji wa ardhi, utasoma upimaji wa ardhi."

Futi aliuegemeza ufagio ukutani, nao ukaanguka, akauacha hapo hapo.

Baba Futi akaweka nyundo chini. Kwa siku zote zile alikuwa ameuliza ndugu, ameuliza jirani, na binti yake mwenyewe hakumwuliza. Akamtazama.

"Mwanangu," alisema, "deni hili litakuwa lako. Si langu, si la mama yako. Unalitaka?"

"Nalitaka, baba. La masomo yangu mwenyewe nitalilipa. La masomo ya mtu mwingine ningelilipa huku nanung'unika."

"Basi twende tukakope," alisema Baba Futi, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake bila kukunja uso.

*

Walikwenda kesho yake. Baba alivaa shati la kupigia picha. Nje ya ofisi kijana mmoja mwenye tai aliwasogelea, akasema anaweza kuwapitisha haraka kwa chai kidogo. Futi alisita. Mama Bomba alikuwa amewaambia kwamba kuomba hakulipiwi kwa mtu barabarani, na kwamba anayedai yuko ndani huku amesimama nje, ana jambo. Baba Futi akamjibu yule kijana kwamba chai wamekunywa nyumbani. Wakaingia kupanga foleni.

Ndani waliuliza kila wasichokielewa. Waliuliza sehemu ipi ni ya serikali na haitarudishwa, na ipi ni ya mkopo. Waliuliza kulipa kunaanza lini, na mtu akiugua inakuwaje. Karani alikuwa na haraka mwanzoni. Alipoona mzee huyu anauliza kwa adabu na haondoki, alivuta kiti akaeleza vizuri. Baba Futi alikitazama kile kiti akamwambia mguu wa nyuma unalegea. Futi aliomba kiasi cha ada na malazi, basi. Nakala za karatasi zote walirudi nazo nyumbani. Na chuo kikajibiwa: Futi anakuja, na anakuja kupima ardhi.

Lilibaki la Mjomba. Alikuwa amesusa. Alipita mbele ya nyumba yao akitazama upande wa pili wa barabara, ambako hakuna kitu cha kutazama.

Mama Futi akamfuata dukani. Alimkuta amezungukwa na makopo ya rangi, anajumlisha na kujumlisha tena, na hesabu inamkataa. Akavuta ndoo iliyopinduliwa akakaa.

"Kaka," alisema, "nani alikwambia hatutaki msaada wako?"

"Mmenifananisha na kochi la madoa ya chui," alisema Mjomba.

"Nilikufananisha na mistari. Madoa ya chui ni Shangazi."

Mjomba alijizuia kucheka, akashindwa. Kisha akasema ukweli wake. Alikuwa anazeeka, duka lilikuwa linamshinda, na hakumwamini mtu. Mama Futi akamwambia kwa upole kwamba hesabu za duka zinahitaji mhasibu wa kuja mara moja kwa mwezi. Hazihitaji maisha mazima ya mtoto. Alimwambia pia kwamba zawadi ikitolewa huachiwa. Ukiitoa huku umeishika mkia, haijatoka.

Wiki ile ile Mjomba alitafuta mhasibu, kijana mkimya ambaye mwezi wa kwanza tu aligundua kwamba panya aliyekuwa anakula duka ni Mjomba mwenyewe. Alikuwa anauzia marafiki kwa bei ya kununulia, kisha anasahau. Mjomba alisimulia habari hiyo kila mahali, akicheka kuliko wasikilizaji wake.

Majibu ya mkopo yalipokuja, serikali ilikuwa imebeba sehemu, na mkopo umebeba sehemu. Pakabaki vitu vidogo ambavyo havikubebwa na yeyote, na hapo ndugu wakapata pa kuingilia. Shangazi alileta shuka, ndoo na sabuni, akamsuka Futi mwenyewe kwa mkono wake. Mjomba alileta buti za kazi, kubwa kuliko miguu ya Futi, akaeleza kwamba mguu wa msomi hukua. Futi alizivaa na soksi mbili mbili.

Wala hakuna aliyetaja uhasibu. Shangazi alitaja duka la dawa mara moja, lakini alikuwa anamwambia mpangaji mpya wa kile chumba cha jirani na saluni.

*

Masomo hayakuwa mepesi. Mwaka wa pili Futi alianguka somo moja, akalirudia wakati wa likizo huku wenzake wako makwao. Kuna miezi fedha ilichelewa, akala mara moja kwa siku, mama yake akatuma alichokuwa nacho. Lakini hakuna siku aliyoamka akajiuliza kwa nini yuko pale. Alimaliza, akatafuta kazi kwa miezi kadhaa, akaipata katika ofisi ya ardhi.

Mshahara wa kwanza ulikuja umekatwa kipande cha deni. Baba Futi, ambaye jambo hilo lilikuwa bado linamtia wasiwasi, alimpigia simu kuuliza kama inauma. Futi alisema inauma kidogo, lakini anajua kinakwenda wapi. Kinarudi kwenye mfuko ule ule, na mwaka huu kuna mtoto wa mtu mwingine anakopeshwa.

Baba Futi akamwuliza mtoto huyo anasoma nini.

"Sijui, baba," alisema Futi. "Alichochagua."

Mwezi uliofuata Futi alikuwa anapima uwanja wa kujengwa shule, si mbali na kwao. Ndugu wakasema lazima waende kumwona. Mama Futi alipika, akabeba vyombo kwenye kapu. Shangazi alivaa kama anakwenda harusini. Mjomba alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Mama Bomba alikuwa kazini, lakini alituma salamu, akawaambia wasivuruge.

Walivuruga. Walimwona kwa mbali, amevaa kofia ngumu na koti la rangi kali, ameinama nyuma ya chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Upande wa pili wa uwanja msaidizi wake alikuwa ameshika nguzo yenye mistari myekundu na myeupe. Baba, Shangazi na Mjomba wakaenda mbele moja kwa moja, wakajipanga kwa fahari katikati, kati ya chombo na nguzo, wakaanza kumpungia mikono, huku Mama Futi amebaki kando na kapu lake.

Futi akainua kichwa. Akawaona. Alitabasamu, lakini hakuondoka mahali pake. Akanyoosha mkono, akaupeleka kushoto.

"Anasemaje?" aliuliza Shangazi.

"Anasema tusogee," alisema Baba Futi.

Wakasogea kidogo. Futi akainama, akachungulia, akainuka tena.

"Mjomba, kushoto zaidi," aliita. "Bado uko kwenye mstari wangu."

Mjomba akasogea kushoto. Shangazi akakusanya nguo yake akasogea. Baba Futi alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka binti yake akanyanyua kiganja kuonyesha kwamba hapo panatosha. Wakasimama wote watatu, wakisubiri waambiwe ni lini wanaweza kujongea.